Mwaka Niliodaka kwa Jina la Boni

Boni aliniandikia ujumbe Jumatano asubuhi, nikiwa chini ya jengo ninalolisimamia hapa Jumeirah Village Circle, nagombana na fundi wa lifti. "Ndugu yangu Wafula, niko Dubai siku nne. Ijumaa kuna chakula cha jioni Al Jaddaf. Njoo na mama watoto. Tafadhali usikose." Neno tafadhali ndilo lililonishtua. Mwaka mzima nililala kitanda cha juu yeye akilala cha chini, na sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilimwacha fundi aendelee na kelele zake, nikakaa kwenye ngazi, nikagundua kwamba nafurahi. Haikuwa furaha ya kumwona rafiki. Ilikuwa furaha ya mtu aliyemvizia panya jikoni miaka kumi na mitano, hatimaye akasikia kitu kinakwaruza nyuma ya gunia. Sitaki msomaji anidhanie mtu mwema halafu aje kushtuka baadaye. Nilimchukia Boni, na chuki hiyo niliitunza vizuri kuliko nilivyoyatunza meno yangu.

Chumba tulichoishi mwaka ule kilikuwa na vitanda vitatu vya ghorofa na watu sita. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye kopo la samli, na kopo likijaa aliyekuwa karibu nalo ndiye aliyelimwaga, hata kama ametoka kazini miguu imemvimba. Sare zetu za ulinzi zilining'inia kwenye kamba iliyokatiza chumba, kwa hiyo ulipozungumza na mtu wa upande wa pili ulimwona viatu tu. Kulinukia dawa ya viatu na vitunguu. Wanne tulikuwa walinzi wa kampuni moja. Boni na Mfilipino mmoja walikuwa wa shule iliyokodi vitanda viwili chumbani humo. Boni alikuwa mwangalizi wa bwawa la kuogelea la shule hiyo. Mimi na yeye tulitoka upande mmoja wa Kenya, tulilingana kimo, mabega, hata saizi ya kiatu, na wote tulikuja na vyeti vizuri vya kidato cha nne ambavyo Dubai hakuna aliyeviulizia. Ijumaa, enzi hizo ikiwa ndiyo siku ya mapumziko, tulipika ugali mapema, kabla ya zamu, kwa unga tulioufuata Deira, kwenye duka moja nyuma ya gati ambako ungeweza kupata hata sukuma wiki kama umewahi. Aliyekoroga sufuria alikuwa Hajji Ssemakula, Mganda, mkubwa wetu kwa umri, mtu aliyeuita ugali posho na aliyeamini kwamba Wakenya hatujui kuupika. Tulikula sakafuni juu ya magazeti, na maneno yote ya wiki yalisemwa hapo.

Sisi walinzi tulikuwa na desturi tuliyoiita kushikiana jina. Mwenzako akikosa basi la kampuni, au akiumwa na akiogopa kukatwa siku, unaingia lindoni kwa jina lake. Unavaa beji yake, unatia sahihi yake kwenye daftari, redio ikiita jina lake unaitika wewe. Kesho naye anakushikia lako. Msimamizi alijua na alinyamaza, kwa sababu alichotaka yeye ni kofia ionekane getini. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba ule ulikuwa uongo. Mtu aliyekataa kumshikia mwenzake jina alikula peke yake, na sijui adhabu iliyomshinda mtu haraka kama hiyo. Nayaeleza haya kwa sababu watu wengi, mke wangu akiwa wa kwanza, wameniuliza nilikuwa na akili gani nilipokubali kuingia uwanjani kwa jina la mtu mwingine. Nilikuwa na akili ya kambi. Boni aliponiomba, nilisikia ombi nililolisikia kila wiki.

Ombi lenyewe lilikuwa hivi. Katika uwanja wa shule yake palifanya mazoezi timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili. Walikuwa wahandisi, walimu, vijana wa Kilebanoni waliosomea Marekani, na kocha wao alikuwa Mmarekani mnene aliyeitwa Rick. Boni alijiandikisha kama mdakaji wa pembeni. Mdakaji kazi yake ni moja: anakimbia mbele kama mwizi, anageuka mahali walipokubaliana, na mpira uliorushwa unamkuta hapo, ingawa kuna mtu anayetaka kumvunja mbavu. Ligi ilidai kila mchezaji alete kitambulisho na barua ya mwajiri kwamba hana pingamizi. Shule ilimpa Boni barua. Kampuni yangu ilininyima. Meneja aliniuliza mlinzi aliyevunjika mguu atasimama kwa mguu wa nani. Lakini mechi zilichezwa Ijumaa, na Ijumaa wanachama wa klabu ya kuogelea walijaa bwawani, Boni hawezi kutoka. Mimi nilikuwa nimecheza raga shuleni, winga, na lindo langu lilianza jioni. "Buda, nishikie jina siku moja tu," aliniambia, akichovya tonge lake kwenye bakuli la mchuzi wangu. "Ukishavaa helmet, nani atajua?"

Siku moja ilizaa msimu mzima. Mpira wa kwanza kurushiwa niliudaka kwa vidole vya mkono mmoja, nikasikia wazungu kando ya uwanja wanapiga kelele, "Boni, Boni," na mwili ukaniitikia. Siwezi kueleza vizuri nilichokisikia. Mwaka ule nilisimama saa kumi na mbili kwa siku nikiwafungulia watu mlango wasioniona, na pale uwanjani watu wazima waliacha kutafuna wakaniangalia. Kocha Rick aligundua mechi ya pili kwamba tuko wawili. Boni alipokuja mazoezini alikuwa mzito wa miguu, na mpira ulimgonga kifuani kama mlango uliofungwa. Kocha alicheka, akasema yeye chini ya kofia huona namba tu. Mke wake alikaa jukwaani na kamera, akarekodi kila mechi. Baada ya mechi walitupa maboksi ya biriani, nami niliyabeba hadi kambini, na sisi sita tulikula tukimwita Boni mdakaji na mimi kivuli. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikujua kwamba kuna watu wanaonunua vivuli.

Hilo nililijulia jikoni. Jiko la kambi lilikuwa refu, lenye majiko ya gesi pande zote mbili, na kila chumba kilikuwa na saa yake. Nilikuwa nimeinama nyuma ya friji nikiokota kitunguu kilichobingirika, Boni akaingia na simu sikioni, akasimama dirishani. Alizungumza na mama yake, kwa sauti ya chini lakini yenye furaha. Alimweleza habari za chuo cha Marekani, za jimbo lenye theluji, kwamba watamlipia masomo yote na malazi miaka minne. Mama nadhani alimuuliza wamemjuaje. "Waliona video, mama," akasema. "Waliniona nikidaka." Nilibaki nimechuchumaa na kitunguu mkononi. Nilingoja aongeze kitu, aseme kuna rafiki yangu, kuna Wafula, chochote. Akaanza kumuuliza habari za ng'ombe.

Asubuhi nilimwambia yote. Hakukana. Alikuwa amekaa kitandani akifunga kamba za viatu, akaniambia bila kuinua macho kwamba kule video zinatumwa na yeyote, kwamba yeye aliandika barua arobaini kabla chuo kimoja hakijajibu, kwamba jina kwenye fomu za ligi ni lake na kwa hiyo angetuma la nani. Akaapa akifika atanivuta. Neno hilo kunivuta lilinikera kuliko yote mengine, kama mimi ni ndoo na yeye yuko juu ya kisima. Nikaenda kwa Kocha Rick. Naye alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amejipaka mafuta ya jua puani, akasema anasikitika kwa kweli, lakini nikisema ukweli ligi itafuta msimu wote wa timu, na kampuni yangu itapata habari kwamba nilicheza bila ruhusa, nitarudishwa nyumbani kabla ya mwisho wa wiki. Alikuwa sahihi. Alinipiga bega, akasema khalas, yaani yamekwisha, wewe bado kijana. Mkataba wake ulikuwa unaisha na alikuwa anahama. Hilo la watu kuhama ndilo linaloufanya mji huu uwe mzuri kwa wezi: ukitulia miaka mitano, mashahidi wote wameshapanda ndege.

Wiki mbili baadaye Boni akanijia tena. Chuo kilitaka kumwona akicheza moja kwa moja, kwa mtandao, mechi ya mwisho ya msimu, kabla ya kutia sahihi. Alisimama mbele yangu mikono nyuma, kama mtoto aliyetumwa chumvi. Nilimwambia nitafikiria, na nilikuwa nimeshafikiria: nitaingia uwanjani nidondoshe kila mpira. Nitauacha upite katikati ya mikono huku Wamarekani wanatazama, na Boni atazeeka akiwakataza watoto wa watu kukimbia kando ya bwawa. Nililala na mpango huo siku tatu na ulinipa usingizi mzuri.

Aliyeniharibia alikuwa Hajji Ssemakula, na mpaka leo hajui. Asubuhi ya Ijumaa ya mechi tulikuwa tunakula, naye akatusimulia habari za mlinzi mmoja wa Kampala aliyejaza kwenye fomu kwamba anajua Kiarabu, akapewa usimamizi, akapewa na chumba chake mwenyewe. Wiki ya tatu arbab mwenye jengo akaja kukagua. Akamzungumzia kwa upole, kwa kirefu, na yule bwana akawa anajibu inshallah, inshallah, mpaka alipoulizwa kama ghorofa ya nne inaungua moto, akajibu inshallah. Chumba kizima kilianguka kwa kicheko. Hajji peke yake hakucheka, alilamba kidole akasema, "Kama wangemunyima ile kazi, ssebo, angekuwa bado mlinzi, anakula vizuri. Walimuua kwa kumupa. Nguo ya kuazima haisitiri matako." Nilimtazama Boni. Alikuwa akicheka na wengine, mdomo umejaa. Na mimi nikaacha kutafuna, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kibaya zaidi ninachoweza kumfanyia mtu yule.

Basi nikacheza. Sijacheza hivyo kabla wala baada. Wapinzani walitoka Abu Dhabi na waliniwekea jitu moja la kunikaba, lililokuwa mwanajeshi, lenye mikono kama mapaja, na kila nilipolizunguka nilisema moyoni, huyu nakuachia Boni, utakutana na ndugu zake. Nilidaka mpira nikiwa nimelala hewani. Nilidaka mmoja kwenye mstari wa pembeni, ncha za viatu zikiwa bado ndani na mwili mzima uko nje. Wa mwisho niliruka katikati ya wawili, nikasikia ubavu unalia, nikaanguka chini nimeukumbatia, na nyasi za plastiki zikanijaza punje nyeusi za mpira mdomoni. Nilifanya yote hayo kwa hasira tupu. Sikutaka wampende tu. Nilitaka wamwamini, wampange mbele, wamrushie yeye mpira siku ambayo uwanja umejaa. Boni alitoroka bwawani akanikumbatia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akalia begani kwangu, na nilimpigapiga mgongo. Aliondoka mwezi wa Agosti na begi langu, kwa sababu lake lilikatika zipu.

Kwa miaka minne iliyofuata nilimfuatilia kwa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Mwaka wa kwanza ulikuwa harusi kwangu. Nilipata mtandaoni vipande vya mechi zao, nikamwona akidondosha, akidondosha tena, akisukumwa nje ya mstari kama gunia tupu, na mtangazaji akauliza kama huyu ni yule yule wa video. Nilikirudia kipande hicho mpaka salio likaisha. Mwaka wa pili hakupangwa kabisa, alikaa kwenye benchi amejifunika blanketi. Nilimnunulia Hajji Ssemakula chai ya karak bila kumwambia sababu. Mwaka wa tatu nikafungua simu nikakuta Boni anakimbia. Anakimbia vizuri. Aligeuka pale pale ningegeuka mimi, akashusha bega la kushoto kwanza, kama ninavyoshusha mimi, akadaka. Mwaka wa nne alikuwa jina linaloitwa na uwanja mzima. Nilihisi kama mtu aliyemtilia jirani sumu kwenye chakula akamwona ananenepa. Hakwenda kucheza kwa malipo, goti lilimkataa, lakini akawa kocha wa wadakaji katika chuo kile kile, na siku hizi wazazi wenye uwezo humwita nchi mbalimbali awafundishe watoto wao.

Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Dubai. Ijumaa nilivaa suti, Nakato mke wangu akavaa gomesi ya kijani, vazi la kwao Uganda lililofanya wahudumu wote Waganda wa hoteli ya Al Jaddaf kumwinamia. Boni alitupokea mlangoni. Amenenepa, ana mvi ndevuni, anachechemea. Aliniomba tutoke nje kidogo, tukasimama kwenye baraza linaloangalia karakana za mashua, na hewa ilinukia mbao mpya. Alikuwa na haraka ya kusema. Akaniambia kwamba mwaka wa kwanza kocha wake alimwita kila Jumatatu kwenye chumba chenye giza, akamwekea ile mechi ya mwisho, akamuuliza, huyu ndiye tuliyemlipia, yuko wapi. Kila Jumatatu. Akafikiria kukimbia. Halafu akaanza kuitazama mwenyewe, saa mbili kila siku, hatua kwa hatua, mpaka miguu yake ikajifunza yangu.

"Wewe ndiye mwalimu wangu," akasema. "Nimelala na hiyo kitu miaka yote, Wafula. Sipati raha. Watoto wangu wananiuliza ile video, nawadanganya. Leo nataka niseme mbele ya watu wote. Nataka watu wakujue."

Nitasema ukweli nilivyoufikiria pale. Kwanza nilikaribia kumkubalia, kwa kuwa hilo ndilo nililolitaka tangu jikoni: mtu mmoja aseme jina langu. Halafu nikamwangalia vizuri. Uso wake ulikuwa umeshaanza kupumzika, kama uso wa mtu aliyefika mbele ya foleni na mzigo wake. Kesho angeamka mwepesi. Angesimulia kisa chetu kwenye vyuo vingine, watu wangelia, wangemsifu kwa ujasiri. Nilimwambia asiseme. Akasema lazima. Nikamwambia, "Ukisema, mimi nitakataa," naye akatabasamu, akidhani nina haya.

Alisema. Baada ya chakula alisimama mbele ya wazazi wale, kwa Kiingereza chake kizuri, akaeleza habari za timu, kofia, namba kumi na nane, na mechi ya mwisho. Akasema kwamba mtu aliyekifanya chuo kimchukue hakuwa yeye. Akaninyooshea mkono. Meza zote zikageuka. Nakato akanishika mkono chini ya kitambaa, naye macho yamemjaa maji, kwa sababu yeye aliolewa na mimi na kisa hiki na alikuwa amengoja siku hiyo kuliko mimi. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

Niliwaambia kwamba ndugu yangu Boni ana moyo mkubwa mno, na kwamba ndivyo alivyokuwa hata kambini, akipata kitu lazima akimegee mwenzake. Niliwaambia mimi nilikuwa mlinzi wa geti. Sijawahi kudaka mpira maishani mwangu.

Ukumbi ulicheka, kicheko kizuri, cha upendo, kisha ukasimama kumpigia makofi. Walimpigia yeye. Mwanamume mmoja kwenye meza yetu alifuta macho akasema haijawahi kutokea mtu mashuhuri akawa mnyenyekevu namna ile. Boni alikuwa akitikisa kichwa, akijaribu kusema kitu katikati ya makofi, mwisho akanitazama mimi peke yangu na kusema kwa Kiswahili, "Wafula, tafadhali." Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, "Khalas, Boni. Ni yako." Akakaa chini taratibu, mkono juu ya goti.

Nakato aliuachia mkono wangu. "Baba Amani," akasema, "umejizika mwenyewe." Watu walikuwa wanainuka kwenda kumzunguka Boni. Mama mmoja mwenye watoto wawili alikatiza mbele yangu, akaniona nimesimama karibu bila kazi, akanipa simu yake, akaniomba kwa adabu kama naweza kuwapiga picha na kocha. Nikaipokea. Watoto wakajipanga, mama akasogea, Boni akawa katikati yao, akitazama ndani ya kioo moja kwa moja, uso umemkauka.

Nikamwambia atabasamu.